Vidonge, arosto na safari ya kurudi: maswali tunayoulizwa Mwanza

Kikundi chetu hukutana Jumamosi alasiri kwenye darasa la kuazima, upande wa Mabatini. Wapo walioacha vidonge vya kulevya, wapo wanaohangaika kuacha, na wapo mama, dada na wake zao. Maswali yalikuwa yanarudi yaleyale kila wiki, tukaanza kuyaandika kwenye kaunta buku. Mimi ndiye mshika daftari. Niliuza kwenye dirisha la duka la dawa miaka kadhaa kabla sijaanza kumeza nilichokuwa nauza, kwa hiyo baadhi ya majibu nayajua kwa pande zote mbili za dirisha.

Kama kuna mtu amelala mbele yako sasa hivi na haamki, usisome kwa mpangilio. Nenda swali la 9.

## Mwanzo wa mambo

1. Hizi si dawa za hospitali? Zitakuwaje dawa za kulevya?

Ni za hospitali kweli, na mtego uko hapohapo. Unga, yaani heroini, hununuliwa gizani na kila mtu anajua ni sumu. Kidonge kinatoka kwenye pakiti inayong'aa, kina jina la kiwanda na tarehe ya kuisha muda. Anayekimeza hajioni teja. Anajiona mgonjwa, au mchapakazi.

Lakini tramadoli, kodini, mofini na pethidini, zote dawa za maumivu, hugusa sehemu zilezile za ubongo zinazoguswa na heroini. Ni ukoo mmoja. Wanatofautiana hasa kwa nguvu. Mimi nilichelewa mwaka mzima kuomba msaada kwa sababu ya neno "dawa". Nilijiambia mtu hawezi kuwa teja wa kitu ambacho mama yake mdogo aliandikiwa alipovunjika mguu.

2. Ni zipi hasa zinazosumbua watu hapa kwetu?

Kwenye daftari letu tramadoli inaongoza kwa mbali. Kidonge halali kwa kawaida kina miligramu 50, na mtu mzima hatakiwi kuvuka miligramu 400 kwa siku hata akiwa chini ya daktari. Vya magendo vimewahi kukamatwa barani Afrika vikiwa na miligramu 225 kimoja. Meza viwili tu, umeshavuka mstari.

Inafuata diazepamu na jamii yake, zile za usingizi na wasiwasi. Hizi si ukoo wa heroini, ni ukoo mwingine, na kuacha kwake kuna hatari ya peke yake (swali la 7). Halafu zinakuja dawa za kikohozi zenye kodini, ambazo vijana huzinywa chupa nzima na soda.

Watu huuliza pia antibayotiki. Kumeza amoksilini ovyo ni kosa la aina nyingine: huzaa usugu wa vimelea, haliachi arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea. Hilo tuwaachie wengine.

3. Kwa nini wabeba mizigo, bodaboda na wavuvi ndio wengi?

Kwa sababu mwanzoni inafanya kazi, na ni uongo kusema vinginevyo. Mtu anayepandisha magunia ya dagaa kwenye lori pale Mwaloni Kirumba toka alfajiri, mgongo unamlilia saa nne asubuhi. Mwenzake anampa kimoja. Maumivu yanakata, anabeba mpaka jioni. Tramadoli haikumwongezea nguvu hata chembe. Mgongo unaumia vilevile, ila habari haimfikii.

Wavuvi wa dagaa wana hesabu yao. Kazi ni usiku wa giza, taa juu ya maji, baridi ya ziwa, siku baada ya siku mpaka mbalamwezi itokee. Mtu anameza kimoja cha kuingia ziwani, asubuhi anatafuta diazepamu ya kulala juani na makelele ya kambi. Baada ya miezi michache hawezi kufanya lolote kati ya hayo mawili bila kidonge. Na anayesinzia ukingoni mwa mtumbwi usiku, bila jaketi la kuokolea maisha, hahitaji kuzidisha dozi ili afe.

4. Nitajuaje kama nimeshazama?

Angalia asubuhi usipomeza inakuwaje. Kama miayo, kamasi na mifupa kuuma vinaondoka muda mfupi baada ya kidonge, hiyo si malaria.

Dalili nyingine ni za tabia. Dozi inapanda. Unahesabu vidonge vilivyobaki kabla ya kuhesabu nauli. Una famasi tatu unazozungukia ili wauzaji wasikuzoee. Unamwambia mkeo una "tumbo". Ukiona mbili kati ya hizi, njoo tuzungumze. Hatungoji mpaka mtu auze godoro.

Tofautisha, hata hivyo, kati ya mwili kuzoea na uraibu. Mgonjwa aliyetumia dawa kali ya maumivu kwa miezi atapata arosto akiacha ghafla, hata kama hajawahi kuitamani. Mraibu huifuata dawa ingawa inamharibia kazi, ndoa na afya. Wa kwanza anahitaji kupunguziwa taratibu, wa pili anahitaji hilo na mengine mengi.

5. Mama yangu ana saratani, amepewa mofini ya maji. Hatakuwa teja?

Mpe, ndugu yangu. Mpe kwa saa ulizoelekezwa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, bila kusubiri alie. Tumesikia familia zinazomnyima mgonjwa wa saratani mofini "asije akazoea", mama wa watu anakesha akikunja shuka kwa meno. Huo si uangalifu.

Yako mawili ya kufanya. Mofini hufunga choo, kwa hiyo ulizia dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Na chupa iwekwe mahali penye kufuli, kiasi kiandikwe kila mnapompa. Hatari ya chupa ile haiko kwa mama, iko kwa kijana wa nyumbani anayejua ilipo.

## Arosto na kuacha

6. Arosto inakaa siku ngapi?

Kwa tramadoli na ukoo wake, huanza ndani ya siku ya kwanza: miayo isiyoisha, machozi, kamasi, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, kuhara, miguu isiyotulia kitandani. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele. Kufikia wiki moja hivi, mwili umeanza kutulia. Usingizi na furaha huchelewa. Vinaweza kuchukua wiki nyingi, na hapo ndipo wengi hurudi, wakati kila mtu nyumbani ameshasema "amepona".

Tramadoli ina la ziada. Inagusa pia kemikali za ubongo zinazoshughulika na hisia, kwa hiyo wengine hupata hofu kali, kuchanganyikiwa, au kuona visivyokuwepo. Ikifika hapo, hospitali.

Msemo wa kijiweni kwamba arosto haiui ni nusu ya kweli. Kuhara na kutapika siku tatu bila kunywa kitu kunaua mtu mzima kama kunavyoua mtoto. Pakiti za chumvi ya kuongezea maji mwilini ziwe tayari kabla ya siku ya kwanza, na uji mwepesi. Kwa diazepamu kalenda ni tofauti kabisa. Soma jibu linalofuata.

7. Naweza kuacha mwenyewe nyumbani, ghafla?

Kama ni diazepamu au dawa yoyote ya usingizi uliyoitumia kila siku kwa wiki kadhaa: usiache ghafla. Diazepamu hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo siku mbili za kwanza unaweza kujiona shujaa, kisha siku kadhaa baadaye ukaanguka degedege. Watu hufa hivyo. Inapunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki au miezi, na daktari ndiye anayepanga ngazi. Mnywaji wa gongo wa kila siku naye yuko kundi hili.

Kama ni tramadoli peke yake na dozi ndogo, wapo wanaomaliza nyumbani wakiwa na mtu wa kuwaangalia. Hata hivyo kupunguza hatua kwa hatua kunashinda kukata. Usijaribu nyumbani kama umewahi kuanguka degedege, kama unachanganya na dawa za usingizi au pombe, kama una mawazo ya kujiua, au kama ni mjamzito (swali la 19).

Ukifika kwa daktari, taja idadi ya kweli. Mtu anayemeza kumi akisema nne kwa aibu atapangiwa ngazi ya mtu wa vidonge vinne, atateseka, atasema "hospitali hawajui kitu", na atarudi kijiweni. Nimefanya hivyo mimi.

8. Methadoni ipo Mwanza? Inamfaa kila mtu?

Ipo, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure. Tanzania Bara ilianza huduma hii Muhimbili mwaka 2011, ikasambaa mikoani. Ni dawa ya kunywa, inapimwa, unainywa mbele ya mhudumu kila siku. Imekusudiwa hasa watumiaji wa heroini na wenzake. Kama shida yako ni tramadoli, nenda ukapimwe. Wataalamu ndio wataamua kama unahitaji methadoni au kupunguziwa kwa njia nyingine.

Haitibu diazepamu, mirungi, bangi wala pombe. Kwa hayo, na kwa sonona na hofu zinazofuatana nayo, idara ya magonjwa ya akili Bugando na kliniki za hospitali za wilaya ndiyo milango. Ukianzia kituo cha afya cha kata utapewa rufaa. Huna haja ya kupanda kilima cha Bugando bila karatasi.

"Si kubadilisha ulevi kwa ulevi?" Swali hili huulizwa na wachungaji, masheikh na mashemeji. Heroini hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku, kila ikishuka mtu anatoka kutafuta. Methadoni ikiwa imepimwa sawasawa hukaa zaidi ya siku nzima. Hakuna stimu, hakuna arosto. Mtu anarudi kazini. Ukikutana naye kwenye daladala ya Igoma hutamjua.

9. Nimemkuta amezimika. Nifanye nini?

Mwite kwa jina kwa nguvu. Msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi. Kama haitiki, anapumua taratibu mno au anakoroma kwa ajabu, midomo au kucha zimeanza kuwa bluu na mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano, amezidisha dawa. Piga kelele upate msaada, tafuta gari, bajaji, chochote.

Akiwa anapumua, mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele, kichwa kielekee nyuma kidogo ili matapishi yatoke. Kama hapumui, fungua mdomo, bana pua, mpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde tano au sita mpaka mfike. Usimwache alale "dawa iishe yenyewe". Usimpe maziwa, usimtapishe, usimwagie maji.

Beba pakiti au mabaki uliyoyakuta na sema ukweli mapokezi, hasa kama kulikuwa na gongo au dawa ya usingizi pamoja na tramadoli. Mchanganyiko huo ndio unaozima pumzi kwa haraka. Hospitali wana naloksoni, inayoweza kumwamsha ndani ya dakika. Ila inaisha nguvu mapema kuliko vidonge vyenyewe, kwa hiyo akiamka akataka kwenda nyumbani, mzuieni. Anaweza kuzima tena njiani.

10. Alianguka degedege. Ana kifafa?

Si lazima. Tramadoli kwa dozi kubwa huleta degedege, hata kwa mtu ambaye hajawahi, hata mara ya kwanza. Msimshike kwa nguvu wala kumtia kijiko mdomoni. Wala kiatu cha kunusa hakisaidii. Ondoeni vitu vya kumuumiza, mlazeni ubavu, tazameni saa. Ikizidi dakika tano, au ikirudia, hospitali. Hata ikiisha mapema, apimwe siku hiyo.

## Nyumbani

11. Tumfungie ndani mpaka arosto iishe?

Hapana. Najua kwa nini mnawaza hivyo. Mtu ameuza redio, simu, sasa anaangalia mabati. Lakini mlango wenye kufuli kwa nje hauponyi. Kama anatumia diazepamu, anaweza kupata degedege humo peke yake. Kama ni tramadoli au unga, mwili wake utapoteza uzoefu ndani ya siku chache, na siku akichomoka atameza kiasi kilekile cha zamani. Kiasi kilichokuwa cha kawaida mwezi uliopita sasa kinamuua.

Kinachosaidia ni chumba kisicho na kufuli, ndoo, maji, mtu wa zamu usiku na mchana, na simu yake akae nayo mtu mwingine kwa ridhaa yake. Ridhaa. Neno hilo huwachosha akina mama, lakini sijaona aliyeacha kwa kamba.

Tuseme na hili: si kila nyumba inayojiita ya kuwarekebisha waraibu ni salama. Kabla ya kumpeleka, uliza kama imesajiliwa, kama kuna mtaalamu wa afya anayepita, na kama ndugu wanaruhusiwa kumwona. Wakisema haruhusiwi mtu kwa miezi mitatu, rudi naye.

12. Wazee wanasema amerogwa. Tumpeleke kwa mganga au kwenye maombezi?

Hatujawahi kumwambia mtu aache kusali, na kwenye kikundi wapo waliopata nguvu msikitini na kanisani kuliko kwetu. Ombi letu ni kwamba imani isichukue nafasi ya dozi. Anayepunguziwa diazepamu asinyang'anywe vidonge eti amekombolewa (swali la 7 linaeleza kwa nini). Kwa mganga, hofu yetu kubwa ni dawa za miti zisizojulikana kuchanganyika na vidonge, na siku zinazopotea.

Mzee mmoja alituambia: hata kama amerogwa, arosto bado ni arosto, apewe maji. Hatukubishana naye.

13. Nimpe hela asije akaiba?

Mpe chakula, mlipie nauli moja kwa moja kwa kondakta, mnunulie sabuni. Hela mkononi usimpe, hasa miezi ya kwanza. Wenyewe wakishatulia huomba wasishikishwe. Deni la kijiweni usikimbilie kulilipa. Ukililipa leo, kijiwe kimeshajua kwamba nyuma yake kuna mama mwenye pesa.

Lakini usimkatie vyote kwa hasira. Sahani yake ibaki mezani.

14. Watoto waambiwe nini?

Ukweli mdogo: baba anaumwa, anatibiwa, si kosa lenu. Wanajua zaidi ya mnavyodhani. Mtoto akipigwa, akinyimwa shule au akitumwa kununua vidonge, namba ya huduma kwa mtoto ni 116, bure.

## Kikundi na mtaa

15. Jumamosi mnafanya nini hasa? Ni mahubiri?

Wengi hufikiri tunakaa mduara tukilia. Wakati mwingine tunalia. Zaidi ni hesabu za wiki: nani alilala, nani alipita njia ya kijiwe na nani alizunguka, nani ana kliniki Jumanne na hana nauli. Kila mpya hupewa mtu wa kumpigia. Simu hiyo hulia hasa usiku wa manane na jioni ya siku ya malipo.

Mfumo wa walevi kusaidiana si wetu. Ulianzia Marekani mwaka 1935 kwa watu wa pombe, ukachukuliwa na watu wa dawa za kulevya miaka ya 1950. Sisi tumeukata tukaushona upya. Kwao mtu hutaja jina la kwanza tu na huficha mengine. Mwanza hiyo haiwezekani. Ukiingia tu, kuna anayemjua shangazi yako. Kwa hiyo tumeweka sharti jingine: kinachosemwa darasani kinabaki darasani, na aliyevunja sharti mara moja tulimtoa, ingawa alikuwa rafiki yangu.

Mwanzoni tulikuwa na viapo. Mtu anasimama, anaapa hatagusa tena, tunapiga makofi. Tukaviacha. Aliyeapa mbele ya watu arobaini akianguka, anaona aibu kurudi mbele ya arobaini. Sasa tunauliza tu: kesho asubuhi utakuwa wapi, na nani?

16. Mume wangu yuko kambini kisiwani. Hawezi kuja kila Jumamosi.

Wavuvi wamepata njia yao. Usiku wa giza wako majini. Mbalamwezi ikitoka nyavu zinapumzika, hela ya mgao iko mfukoni na kazi hakuna. Siku hizo ndizo mbaya kuliko zote. Tunawaambia waje Mwanza wakati huo, wasibaki kambini. Wewe mkewe ukiweza kushika mgao siku ya kwanza, nusu ya vita imepiganwa.

Kambini awe na mtu mmoja anayejua, ikiwezekana nahodha wa mtumbwi. Wapo wanaoogopa kufukuzwa kazi, na hofu hiyo ina haki yake. Lakini nahodha mwenye akili hapendi mtu wa kusinzia kwenye wavu, na mara nyingi ameshajua.

Kwa walio upande wa Sengerema, tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 safari ya kliniki haitegemei tena foleni ya kivuko. Wa Ukerewe bado tunahangaika nao kwa simu.

17. Alikaa miezi minane, juzi amemeza tena. Tumerudi sifuri?

Miezi minane haijafutika. Mambo mawili ya haraka: kwanza usalama, kwa sababu mwili wake hauna tena uzoefu wa dozi ya zamani (swali la 11), hivyo asikae peke yake siku hizo. Pili, arudi kikundini au kliniki wiki hiyohiyo kabla aibu haijaota mizizi. Baadaye ndipo mtauliza nini kilitangulia. Kwa kawaida si kishawishi kikubwa. Ni jino lililouma, akaenda famasi peke yake.

18. Nikijitokeza kutibiwa, nitakamatwa?

Huduma ya afya haianzi kwa pingu. Kliniki inashughulika na mgonjwa, na siri ya mgonjwa ni wajibu wao. Kukutwa na tramadoli bila cheti, au kuiuza, ni jambo jingine: ni dawa inayodhibitiwa, na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ina meno. Usiende kliniki na pakiti kumi mfukoni.

Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119, ya ushauri na ya kutoa taarifa. Mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii wa kata wanaweza pia kuandika barua ya utambulisho. Wapo wenyeviti wanaotangaza habari za watu kwenye kikao. Chunguza wako ni wa namna gani kabla ya kumfungulia moyo.

## Maswali ya pembeni

19. Nina mimba na ninatumia. Niache leo?

Usiache ghafla, dada. Arosto kali inaweza kuhatarisha mimba. Nenda kliniki ya wajawazito, sema ukweli kwa mkunga, utaunganishwa na matibabu. Methadoni hutumika kwa wajawazito chini ya uangalizi. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake, inayotibika kama wahudumu wamejua mapema. Ndiyo maana ujifungulie hospitali, si nyumbani.

20. Je, vidonge vya kunenepa na kuongeza makalio vinahusika?

Vinahusika kwa mlango wa nyuma. Vingi ni deksamethasoni, peke yake au pamoja na dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula. Uso unavimba, sukari na presha vinapanda. Havina stimu, lakini mwili ukizoea deksamethasoni kwa wiki nyingi huacha kutengeneza homoni yake, na ukikata ghafla unaweza kuzirai na kufa. Kamwone daktari akupunguzie.

Wale wanaompa mtoto dawa ya mafua ili alale mama apike: acheni, mtoto mdogo anaweza kushindwa kupumua.

21. Mimi nauza duka la dawa. Mteja anakuja bila cheti, analia. Nifanyeje?

Nilikaa kwenye kiti chako. Usimuuzie, na usimtukane. Kumwuzia "viwili tu leo" ni kumfundisha kwamba dirisha lako linalegea, na leseni ya bosi iko rehani kwa Baraza la Famasi. Msogeze pembeni, mwambie ulichoona: "Kaka, hii ni mara ya nne wiki hii." Mpe jina la kliniki limeandikwa kwenye karatasi. Wa kwanza kuniambia sentensi kama hiyo alikuwa binti wa famasi ya Nyakato. Nilimjibu vibaya, nikaitunza karatasi.

Cheti cha kughushi utakitambua kwa dozi isiyo ya kawaida au idadi iliyoongezwa sifuri. Mpigie aliyeandika. Ukiona vidonge visivyo na usajili sokoni, taarifa ni kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ofisi ya Kanda ya Ziwa.

22. Vidonge vilivyobaki baada ya operesheni niviweke?

Usiweke. Rudisha famasi au hospitali, usitupe jalalani wala ziwani. Droo ya chumbani ndiyo kijiwe cha kwanza cha vijana wengi.

23. Yuko kwenye methadoni na kuna msiba kijijini, siku tatu. Itakuwaje?

Aende kliniki kabla ya kupanda gari, hata kama taarifa imekuja usiku. Wahudumu watamwambia kinachowezekana kwa hatua aliyofikia. Asiazime dozi ya mwenzake. Kipimo cha mwenzake kinaweza kumuua yeye. Akikosa siku kadhaa mfululizo, asidai arudishiwe kiwango cha zamani palepale. Watamwanzishia chini kwa makusudi.

Na asiende msibani peke yake. Mwaka jana tulimsindikiza mwenzetu mpaka Magu, wanne, kwenye bajaji moja, tukakaa nyuma ya turubai mpaka mazishi yakaisha. Mama yake alituuliza sisi ni akina nani. Mwenzetu akasema ni watu wa Jumamosi.